Risasi ndogo, umbali mkubwa

Wale mliosikiliza kipindi chetu wiki hii mtakumbuka kwamba nilizungumzia jambo ambalo kwa wengi wetu wa mjini linaonekana kuwa ni la matajiri na wageni peke yao, yaani uchaguzi wa risasi ya kuwindia. Wapo walioniuliza: sisi wakazi wa Manzese na Unga Limited tuna shughuli gani na risasi za kuwindia? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba historia ya nchi hii, kuanzia misafara ya pembe za ndovu hadi vifaru wa Ngorongoro, imeandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliochagua risasi. Kila walipochagua, walichagua pia umbali: mpigaji asimame wapi, na anayepigwa awe wapi.

Mazungumzo haya yalianzia Engaresero. Kwa wasioifahamu, Engaresero ni kijiji cha Wamasai katika wilaya ya Ngorongoro, kusini mwa Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Ni nchi ya joto, vumbi na majivu ya volkano, na jicho linaona mbali bila kizuizi. Nilikuwa huko kwa ajili ya kutayarisha kipindi kuhusu nyayo za binadamu wa kale zilizohifadhiwa katika majivu yaliyogeuka jiwe. Nyayo hizo ni zaidi ya 400, na wataalamu wanakadiria umri wake kuwa kati ya miaka 5,000 na 19,000. Mgeni mmoja kutoka Marekani, mtu mpole na mwenye maneno mengi, akatueleza jinsi kwao wanavyowinda koyote, mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na bweha wetu. Kumbe wanaobishana huko hawabishani juu ya mnyama. Wanabishana juu ya risasi: ipi inafika meta 300, ipi inafika 400, ipi haipeperushwi na upepo.

Mzee mmoja wa boma alisikiliza tafsiri mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: huyo mnyama akipigwa kutoka mbali kiasi hicho, nani anakwenda kuangalia kama amekufa? Nimelibeba swali hilo mpaka hapa mjini, na ndilo nitakalolifuata leo.

Hebu tuanze na wale wanaowinda bila bunduki. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola wilayani Karatu, hutumia upinde na mshale wenye sumu. Mojawapo ya sumu zao hupikwa kutokana na utomvu wa mmea wa nchi kavu ambao wataalamu huuita Adenium. Mshale wenyewe haumwangushi mnyama mkubwa papo hapo. Sumu ndiyo inayofanya kazi polepole. Kwa sababu hiyo mwindaji hana budi kunyemelea mpaka awe karibu, na akishapiga hana budi kufuata nyayo na damu, pengine kwa saa nyingi. Kadhalika moran wa Kimasai anayekabiliana na simba kwa mkuki yuko karibu kiasi cha kunusa harufu yake. Katika silaha hizi, umbali ni mdogo na wajibu ni mkubwa. Aliyejeruhi ndiye anayefuata.

Kisha likaja gobori. Bunduki hizi za kushindilia baruti kwa mdomo zililetwa kwa maelfu na biashara ya karne ya 19, zikabebwa na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji kutafuta pembe na watumwa. Gobori lilikuwa na kelele kuliko shabaha. Risasi yake ya mviringo ilipotea njia baada ya hatua chache tu, na moshi wake mzito ulimficha mpigaji asione alichopiga. Hata hivyo liliwatisha watu, na waliolimiliki waliwatawala wasiolimiliki.

Wajerumani walipoivamia nchi hii, askari wao wengi walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Risasi yake ilikuwa na kipenyo cha milimeta 11, uzito wa gramu 25 hivi, na ilitoka mtutuni kwa mwendo wa kama meta 440 kwa sekunde. Wenye kumbukumbu ya hesabu za shule wataona jambo hapa. Risasi huanza kuanguka mara tu inapotoka mtutuni, sawasawa na jiwe lililoachwa mkononi. Hata tukiiacha hewa kando, risasi hiyo inahitaji sekunde 0.68 kufika meta 300, na katika muda huo imekwisha kuanguka zaidi ya meta 2. Tukiihesabu hewa inayoipunguza mwendo, inaanguka zaidi ya hapo. Maana yake mpigaji asiyejua kukadiria umbali atapiga mchanga mbele ya mlengwa.

Wakati wa vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, wazee wetu waliambiwa kwamba dawa ya maji itazigeuza risasi ziwe maji. Tusiwacheke. Walijua vizuri kwamba kikwazo chao hakikuwa uhaba wa ushujaa. Kilikuwa ni ule uwanja mtupu kati ya mkuki na mtutu, na dawa waliyoitafuta ilikuwa ya kuvuka uwanja huo. Agosti 1905 pale Mahenge, bunduki za rashasha ziliwakuta katika uwanja huo, na hawakuvuka. Baadaye watu wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi, kwa kuwa mtawala alichoma mashamba na maghala. Lakini njia ya kuyafikia maghala ilifunguliwa na risasi.

Wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kugundua kitu kipya. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Tangu hapo risasi ikawa nyembamba, nyepesi na yenye mwendo mkali. Tofauti yake ilionekana hapa kwetu waziwazi. Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi lao kutoka India na kushuka Tanga, kombania nyingi za Wajerumani zilikuwa bado zina Mauser ya 1871 yenye kufuka moshi. Kila askari aliyefyatua alijitangaza mahali alipo. Waingereza walishindwa vita hivyo kwa sababu nyingine, lakini walipokimbilia merikebuni waliacha nyuma bunduki za kisasa 455, rashasha 16 na risasi 600,000. Jenerali von Lettow-Vorbeck alizikusanya kwa furaha. Kuna wanaosema kwamba miaka minne ya vita iliyofuata, iliyowaangamiza wapagazi wetu kwa makumi ya maelfu, ilianza na ngawira ile ya Tanga.

Sasa turudi kwenye uwindaji, maana wawindaji na askari walikuwa wakinunua katika duka lile lile. Wazungu waliokuja kuwinda Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 waligawanyika kama washabiki wa Simba na Yanga. Upande mmoja ulisema: mnyama mkubwa, risasi kubwa. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na bunduki nzito ya Kiingereza ya mitutu miwili, Winchester ya .405 na bunduki nyepesi ya jeshi la nchi yake. Yeye na mwanawe Kermit waliangusha wanyama 512 kabla ya safari kwisha.

Upande wa pili alikuwapo Mskoti Walter Bell, ambaye wenzake walimwita Karamojo kwa sababu ya miaka aliyoitumia Karamoja, kaskazini mwa Uganda. Huyu bwana aliua tembo zaidi ya 1,000 maishani mwake, na wengi wao aliwaua kwa risasi ya milimeta 7, ambayo kwa nguvu haifikii hata nusu ya risasi za tembo za leo. Aliwezaje? Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno akajifunza ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Alitumia risasi ngumu isiyotanuka, inayopenya mfupa bila kupinda. Zaidi ya yote, alisogea karibu. Siri ya risasi ndogo ya Bell ilikuwa miguu yake. Waliosikia habari zake wakanunua risasi ndogo bila kununua na maarifa yake walijikuta mbele ya tembo aliyejeruhiwa, na tembo aliyejeruhiwa hasomi vitabu vya Bell.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa risasi ya .375, yaani sehemu 375 kati ya 1,000 za inchi moja, ambazo ni kama milimeta 9.5. Inarusha gramu 19 kwa mwendo wa meta 770 hivi kwa sekunde. Risasi hii ikawa kipimo. Mpaka leo, katika uwindaji wa kitalii hapa nchini, .375 ndicho kipenyo cha chini kinachokubalika kwa wanyama wa hatari kama nyati, simba na tembo, na mgeni hawindi bila kuandamana na mwindaji bingwa mwenye leseni. Kuwinda usiku na kupiga mnyama kutoka ndani ya gari ni makosa. Wengine huona masharti haya ni urasimu. Kwa kweli ni jibu la Serikali kwa swali la yule mzee: ukijeruhi, uwe na silaha ya kumaliza na mtu wa kufuata.

Kuna jambo jingine linaloshangaza katika historia hii. Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague, yakakubaliana kwamba risasi inayotanuka ndani ya mwili isitumike vitani, kwa sababu inaumiza kupita kiasi. Uingereza ilipinga. Mjumbe wake, Sir John Ardagh, alidai kwamba katika vita vya makoloni, dhidi ya watu aliowaona washenzi, risasi ya kawaida haiwasimamishi. Risasi yenyewe ilipewa jina la Dum Dum, mahali karibu na Calcutta ilikotengenezwa. Uingereza ilikubali katazo hilo mwaka 1907 tu. Lakini upande wa uwindaji mambo ni kinyume kabisa: kwa wanyama wengi, risasi inayotanuka ndiyo inayopendekezwa, kwa kuwa inaua upesi na haimwachi mnyama akatapatapa. Kwa hiyo risasi iliyokatazwa kwa mtu ndiyo yenye huruma kwa swala. Ukitaka kujua kwamba risasi si chuma tu, fikiri juu ya hilo.

Na koyote wa mgeni wetu? Huko Marekani mnyama huyu alitangaziwa vita na Serikali yenyewe. Sheria ya mwaka 1931 iliweka fedha za umma kwa ajili ya kuua wanyama wanaosumbua mifugo, na koyote alikuwa mbele katika orodha hiyo. Alipigwa risasi, akategwa, akalishwa sumu, mpaka mwaka 1972 Rais Nixon alipozuia sumu hizo katika ardhi ya Serikali. Wakati huo huo viwanda vilishindana kutengeneza risasi za kumfikia kwa mbali. Mwaka 1935 ilitoka .220 Swift, yenye mwendo wa zaidi ya meta 1,200 kwa sekunde. Mwaka 1955 ikatoka .243, na mwaka 1965 kiwanda cha Remington kikaanza kuuza .22-250, ambayo mafundi wa mitaani walikuwa wameitengeneza wenyewe miaka mingi kabla.

Turudie hesabu yetu. Risasi ya Swift, tukiacha hewa, inafika meta 300 kwa robo ya sekunde, na katika muda huo imeanguka sentimeta 31 tu. Ile Mauser ya 1871 ilianguka zaidi ya meta 2. Ndiyo maana mwindaji wa koyote anaipenda risasi nyepesi na ya mbio: akikosea kidogo kukadiria umbali, bado atapiga. Lakini wepesi huo una gharama yake. Risasi ya gramu 3 hupeperushwa na upepo, na kila meta inayokwenda inapoteza nguvu upesi kuliko risasi nzito. Kwa hiyo wanaopiga mbali sana, au kwenye uwanda wenye upepo, huchagua ile ya .243 yenye uzito mkubwa zaidi, au wanasogea karibu. Hizo ndizo hesabu zote za mabishano yao. Na pamoja na risasi hizo zote koyote hakwisha. Ameenea kutoka nyika za magharibi hadi pwani ya mashariki, na siku hizi anaonekana hata ndani ya miji kama Chicago.

Nasi tuna ndugu yake hapa hapa. Yule mnyama wa Serengeti na Ngorongoro aliyeitwa kwa miaka mingi bweha wa dhahabu alichunguzwa na wataalamu wa nasaba, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba yuko karibu zaidi na mbwa mwitu na koyote kuliko bweha wa Ulaya na Asia aliyefananishwa naye. Naye, kama koyote, huchukua mwana-kondoo pale mchungaji anaposinzia. Wamasai wanamfukuza kwa mbwa, kwa fimbo na kwa boma la miiba. Hawajahitaji risasi ya meta 300.

Wako watakaosema, mbona risasi za mbali zingemsaidia mfugaji? Nawaomba waitazame ile nchi. Uwanda wa Engaresero unaonekana mtupu, lakini si mtupu. Kuna watoto wanaochunga mbuzi, kuna akina mama wanaotoka mtoni na punda, kuna wageni wanaotembea kwenda maporomoko. Risasi ya bunduki ya kawaida ya kuwindia ikimkosa mnyama inaweza kuruka zaidi ya kilomita 3 kabla ya kutua. Anayepiga anaona mnyama katika darubini yake. Haoni kilicho nyuma ya mnyama huyo. Zile nyayo 400 katika majivu zinatuambia kwamba watu wamekuwa wakikatiza uwanda huu tangu zamani, na kwa mujibu wa wachunguzi wengi wao walikuwa wanawake waliotembea pamoja kama kundi. Bado wanakatiza.

Tena tumekwisha kuona umbali ukitumika bila wajibu. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, miaka ya 1960, walihesabiwa vifaru zaidi ya 100. Katikati ya miaka ya 1990 walibaki chini ya 20, baada ya majangili kufanya kazi yao kwa ajili ya pembe. Kwa tembo hali ilikuwa hivyo hivyo: hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha nchi nzima tembo kama 109,000, na ile ya mwaka 2014 ikaonyesha 43,000 hivi. Baadhi ya risasi za ujangili zilikuwa za vita, zilizotengenezwa kwa ajili ya binadamu mwenzetu: ndogo, nyingi, rahisi kupatikana. Jangili hachagui risasi inayomfaa tembo. Anachagua ile aliyonayo, anamimina, na tembo anayetoroka na risasi tumboni hamhusu.

Nchi yetu ilijaribu njia mbalimbali. Mwaka 1973 uwindaji ulipigwa marufuku, ukafunguliwa tena mwaka 1978. Jirani zetu wa Kenya waliupiga marufuku mwaka 1977 na hawajaufungua. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974 ilifuatwa na ile ya mwaka 2009, na mwaka 2015 ikatungwa sheria mpya ya kudhibiti silaha na risasi. Sikusudii kuamua leo kama uwindaji uwepo au usiwepo. Hilo lina kipindi chake, na watu wa Engaresero wana haki ya kuwa wa kwanza kuzungumza. Ninachosema ni kwamba pale unaporuhusiwa, kipimo cha risasi kisiwe mbali inakofika peke yake.

Mzee Bell wa Karamoja, pamoja na damu yote aliyomwaga, alilijua jambo hilo: alichagua risasi ndogo, akalipa kwa kutembea. Mhadzabe analijua, ndiyo maana anafuata damu mpaka jua linazama. Wanaotunga masharti ya vitalu walijue, na mwindaji bingwa anayepokea dola za mgeni alijue zaidi, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa Jumamosi na kuachwa vichakani atakutana Jumatatu na mtu aliyekwenda kuteka maji, ambaye hakuuliza risasi ilikuwa ya namna gani.

Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi ningeongeza kwamba mwenye mkuki angalau alimwona nguruwe uso kwa uso. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.